Shusha Hema Kabla Upepo Haujakushushia

Jumamosi yoyote mitaa ya Eastlands huwa imejaa mahema. Umoja kuna ruracio, Kaloleni kuna matanga, Kayole kanisa lina harambee, na Majengo ya Pumwani kuna nikaha, turubai limevutwa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Kando ya Jogoo Road na pale soko la Mutindwa, wachuuzi wamefunika nyanya na mitumba kwa maturubai ya samawati. Siku wingu likikaza, kila kimoja cha vitambaa hivi hugeuka tanga. Chini ya tanga la jahazi wapo nahodha na mabaharia wanaojua la kufanya upepo ukibadilika. Chini ya hema la mtaani wapo wajomba, mashangazi, sufuria za pilau na spika za kukodi, na mara nyingi hakuna hata mmoja aliyepewa kazi ya kutazama mbingu.

Makala haya yanamhusu huyo ambaye angepaswa kupewa kazi hiyo: mwenyekiti wa kamati ya mazishi, katibu wa chama, mzee wa nyumba kumi, mama mwenye kibanda, kijana wa kufunga mahema. Ushauri wenyewe ni mfupi. Usilipime hema kwa jinsi linavyosimama. Lipime kwa jinsi linavyoshuka. Kama hamwezi kulishusha kabla dharuba haijafika, hamkupaswa kulisimamisha.

Hesabu ya upepo

Watu wengi hudhani upepo ukiongezeka maradufu, nguvu yake nayo huongezeka maradufu. Sivyo. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ambao hapa Nairobi ni wa kawaida mvua ikikaribia, husukuma kila mita mraba ya kitambaa kwa uzito wa kama kilo 5. Ukifika kilomita 72 kwa saa, msukumo huo ni kama kilo 20. Hewa yetu ni nyepesi kidogo kuliko ya Mombasa, kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, lakini nafuu hiyo si ya kuitegemea.

Sasa chukua ukuta wa hema wenye urefu wa mita 10 na kimo cha mita 2. Hizo ni mita mraba 20. Upepo wa kwanza unausukuma kwa kilo 100. Vijana wawili wenye nguvu wanaweza kuuzuia kwa muda. Upepo wa pili unausukuma kwa kilo 400. Na huo ni ukuta tu. Upepo ukiingia chini ya paa la mita 10 kwa 5, nguvu ya kuliinua inaweza kukaribia tani nzima. Ndiyo maana kile tunachokiona kila msimu wa mvua, vijana wanane wakining'inia kwenye nguzo za hema ili lisiruke, ni hatari tupu. Uzito wao wote ni kama nusu tu ya nguvu inayolivuta hema, na nguzo ikichomoka wao ndio wa kwanza kupigwa nayo. Hema linaloruka huachwa liruke. Turubai hununuliwa upya.

Wanavyofanya wa baharini

Kwenye jahazi la Lamu au Unguja, tanga hufungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaopandishwa mlingotini. Pembe ya chini ya nyuma hushikwa kwa kamba iitwayo demani. Siku ya upepo, nahodha makini haachi demani ifungwe kwa fundo gumu. Humpa baharia aishike mkononi, au huifunga kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, ili upepo ukipiga ghafla tanga lilegezwe na chombo kisilale ubavu.

Upepo ukizidi, kulegeza hakutoshi. Mashua za kisasa za mashindano zina vikamba vilivyoshonwa katika mistari kwenye tanga kuu, na mabaharia hulikunja sehemu ya chini likapungua. Tanga la jahazi halina mistari hiyo. Kulipunguza ni kushusha foromali, kufungua tanga kubwa na kufunga jingine dogo. Kazi hiyo inataka muda na watu, kwa hiyo uamuzi hufanywa mapema, wingu likiwa bado mbali. Nahodha anayengoja mpaka chombo kianze kulalia upande ameshachelewa.

Hema la Eastlands lina tabia hiyo hiyo ya jahazi: halipunguziki. Ama liko juu, ama liko chini. Ndiyo maana anayeliangalia anahitaji kuamua mapema kuliko moyo wake unavyomtuma, na kukubali kwamba siku nyingine atalishusha na dharuba isije. Wageni watanung'unika kidogo. Waache wanung'unike.

Kabla ya kulipa amana

Unapokwenda kukodi hema, usiishie kwenye bei na idadi ya viti. Omba ulione kitambaa chenyewe kabla ya siku ya shughuli. Pitisha mkono kwenye mishono, hasa pale paa linapokutana na nguzo. Mshono ulioanza kuachia hupasuka wote upepo ukiukamata. Angalia macho ya chuma pembeni. Yakiwa yamechanika na kufungwa kwa waya, kamba itakata kitambaa. Kamba zisiwe zimeunganishwa kwa mafundo matatu manne. Kila fundo hupunguza nguvu ya kamba. Hesabu vigingi, kisha hesabu sehemu za kufungia kamba kwenye hema. Idadi zisipolingana, jua kuna pembe itakayofungwa kwenye mti, bomba la maji au bampa ya gari la mtu.

Uliza vijana wangapi watabaki. Desturi ya mtaani ni wafungaji kusimamisha hema alfajiri, kuondoka kwenda mtaa mwingine, na kurudi jioni kulichukua. Katikati hapo hema halina mwenyewe. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, wekeni kwenye makubaliano kwamba angalau wafungaji wawili watakaa hadi shughuli iishe, na kamati iwaongezee wengine wanne kutoka mtaani walioonyeshwa kazi. Ongezeni kwenye bajeti chakula chao na malipo yao. Ni gharama ndogo ukilinganisha na bili ya hospitali. Kumbukeni pia kwamba sheria za Kenya, Sura ya 34, zinamtwika mwenye kukalia mahali wajibu wa kuangalia usalama wa wageni aliowakaribisha. Kusema upepo ni wa Mungu hakutatosha.

Mahali pa kusimamisha

Mitaa yetu ya zamani, kama Kaloleni, Jericho na Makadara, ina viwanja vilivyo wazi kati ya nyumba fupi. Hapo upepo hupita bila kizuizi, lakini angalau unajua unatoka wapi. Pipeline, Kayole na sehemu nyingi za Umoja zina magorofa yaliyobanana. Watu huona kichochoro kati ya magorofa mawili wakadhani ni kinga. Kumbe upepo ukibanwa kati ya kuta mbili huongeza kasi, na ule unaogonga gorofa juu huteremka na ukuta hadi chini. Kama hamna nafasi nyingine, msizibe kichochoro chote kwa turubai. Acheni njia pembeni ya upepo kupita na ya watu kukimbilia.

Upepo wa Nairobi kwa kawaida hutoka mashariki: kaskazini-mashariki wakati wa kaskazi, kusini-mashariki wakati wa kusi. Eastlands inaupokea moja kwa moja kutoka uwanda wa Embakasi na Athi. Geuzeni upande mwembamba wa hema uangalie huko, na mlango uwe upande wa pili. Lakini mjue upepo wa radi haufuati kanuni hii. Hutoka kule wingu liliko.

Tazameni juu kabla ya kuinua nguzo yoyote ya chuma. Nyaya za umeme katika mitaa mingi zimepita chini kuliko inavyopaswa, na nyingine zimeungwa kienyeji bila kufunikwa. Nguzo ikigusa waya, aliyeishika hana nafasi ya pili. Wala kamba ya hema isifungwe kwenye nguzo ya umeme, kwenye mfereji wa mvua wa jirani au kwenye geti.

Ardhi na vigingi

Sehemu kubwa ya mashariki ya Nairobi, kuanzia Donholm na Umoja hadi Embakasi na Kayole, imelala juu ya ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa masika. Udongo huu unadanganya. Mkiufungia hema asubuhi ukiwa mkavu, kigingi kinashika kama kimejengewa saruji. Mvua ya nusu saa ikiulowesha, kigingi kile kile kinatoka kwa mkono mmoja. Na mvua na upepo huja pamoja.

Dawa yake ni urefu na wingi. Vigingi vifupi vya mti vinafaa kwa kamba ya kuanikia nguo. Kwa hema tumieni vyuma vya sentimita 60 hadi mita moja. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji hukata nondo kwa urefu unaoutaka na kuikunja kichwa. Kila pembe ya hema ipewe vigingi viwili, kimoja nyuma ya kingine, vimefungwa pamoja. Kila kigingi kipigwe kikiwa kimeinama, kichwa kikielekea mbali na hema, na kamba ifungwe chini kabisa karibu na ardhi. Umbali kutoka nguzo hadi kigingi uwe sawa na kimo cha nguzo. Mkikisogeza karibu ili kuokoa nafasi ya viti, kamba inasimama wima na kigingi kinavutwa juu kama jino. Mkimaliza, mmoja wenu alalie kila kamba kwa uzito wa mwili wake wote. Kigingi kikitikisika, kipigwe kingine.

Palipowekwa kabro au saruji vigingi havipiti, na hapo ndipo watu hutundika mtungi wa maji kwenye kila nguzo wakadhani wamemaliza. Mtungi wa lita 20 una kilo 20. Turudi kwenye ukuta wetu unaosukumwa kwa kilo 400: mitungi minne haifui dafu. Kwa sehemu kama hizo tumieni mapipa ya lita 200 yaliyojaa, moja kila pembe, yamefungwa kwa kamba inayoshuka kutoka juu ya nguzo, na magunia ya mchanga kwenye miguu ya kati. Pipa lisilofungwa kwenye hema ni pambo tu.

Kuta za hema

Kosa kubwa kuliko yote ni kufunga ukuta wa nyuma ili jua lisiwachome wageni wa heshima, na kuacha mbele wazi kuelekea upepo. Hapo mmetengeneza mfuko. Upepo unaingia, haupati pa kutokea, unasukuma paa juu na ukuta nje kwa wakati mmoja.

Chagueni moja kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kutoa kuta zote, upepo upite chini ya paa bila kukamatwa. Ya pili ni kufunga upande upepo unakotoka na kuacha wazi upande unakokwenda. Upepo ukigeuka, kuta nazo zigeuzwe. Kwa hiyo kuta zifungwe kwa fundo la kuvuta, lile linalofunguka ukivuta ncha moja, na kila mfungaji alijue hata gizani. Fundo linalohitaji kisu halifai.

Saa ya kuamua

Mwaka 1805 Francis Beaufort, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alianza kuandika upepo kwa nambari badala ya maneno. Kipimo chake, kilichokuja kuwa cha 0 hadi 12, kilieleza manowari ingeweza kubeba matanga kiasi gani katika kila upepo. Karne moja baadaye kiliongezewa dalili za nchi kavu, na hizo unaweza kuzisoma ukiwa umesimama Rabai Road bila chombo chochote.

Vumbi na karatasi zikiinuka barabarani na vitawi vikicheza, hiyo ni nambari 4, kilomita 20 hadi 28 kwa saa. Anayeangalia hema akaze kamba, akague vigingi, na asiondoke tena. Miti midogo ikianza kuyumba, mmefika nambari 5, kilomita 29 hadi 38. Shughuli isimamishwe, watu watoke, hema lianze kushushwa. Matawi makubwa yakitikisika, nyaya zikipiga mluzi na mwavuli ukimshinda mwenyewe, hiyo ni nambari 6, kilomita 39 hadi 49. Wakati huo kusiwe na mtu yeyote chini ya hema. Miti mizima ikiyumba na kutembea kukiwa kazi, nambari 7 imefika, nanyi mmechelewa. Kaeni mbali, waondoeni watoto, liacheni.

Upepo wa radi mara nyingi huruka ngazi hizi. Mchana umekuwa wa joto na kimya, kisha mashariki wingu jeusi linapanda kama ukuta. Ghafla mnapigwa na hewa baridi, na mvua haijaanza. Hiyo baridi ni hewa iliyoporomoka kutoka winguni, inatangulia mvua kwa dakika chache tu. Usingoje miti iyumbe. Ukiona wingu la namna hiyo na kusikia ngurumo, toa amri.

Asubuhi ya shughuli, someni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, ambayo makao yake yako Dagoretti Corner. Hutoa utabiri wa kila siku na wa siku tano. Tahadhari zake za upepo mkali mara nyingi hutaja noti 25. Hizo ni kama kilomita 46 kwa saa, yaani nambari 6 ya Beaufort. Siku kama hiyo tafuteni ukumbi wa mtaa, darasa la shule au kanisa, na hema libaki kwenye lori.

Amri iwe ya mtu mmoja. Tatizo la shughuli zetu ni kwamba kila mtu ni mwenyekiti. Mzee anasema tumalize hotuba kwanza, mama wa jikoni anasema chakula kiko tayari, msema chochote anasema tuombe wingu lipite. Kabla ya shughuli kuanza, kamati imtangaze mtu wa hema mbele ya wote, na neno lake kuhusu upepo lisipingwe hata na mwenye arusi. Maneno yake nayo yawe yametayarishwa:

"Wazazi wetu, wageni wetu, naomba tusimame. Wazee, kina mama wenye watoto wachanga, na watoto watangulie. Tunaelekea ukumbini. Viti na vyombo tuviache hapo hapo. Vijana wa hema, kila mtu mahali pake."

Namna ya kushusha

Zimeni umeme wa spika na taa kwanza, kwenye swichi kuu. Nyaya zilizolala kwenye maji zimeshaua. Wapishi wazime gesi na kumwagia kuni maji, kwa sababu kitambaa kikiangukia moto kitawaka hata mvua ikinyesha. Hakikisheni hakuna mtoto aliyejificha chini ya meza.

Kisha anzeni upande upepo unakotoka. Legezeni kamba za upande huo polepole na kuondoa nguzo zake, ncha ya paa ishuke mpaka iguse ardhi. Upepo sasa unapita juu ya kitambaa na kukikandamiza chini, unawasaidia kazi. Mkianza upande wa pili, upepo unaingia chini ya paa kutoka mbele na kulipindua lote. Wengi huanza huko kwa sababu ndiko kamba zimelegea na kazi ni rahisi. Hapo ndipo watu huumia.

Asiwepo mtu anayezungushia kamba mkononi au kiunoni. Kamba hushikwa kwa viganja ili iweze kuachiwa. Asisimame mtu kwenye njia ya kamba zilizokaza. Ncha ikishagusa chini, wekeni juu yake mabenchi na mapipa, kisha endeleeni na nguzo za kati, na za mwisho ziwe zile za upande upepo unakokwenda. Radi ikipiga karibu, acheni kila kitu na mwingie ndani. Nguzo ya chuma si ya kushikwa.

Kuna hali moja ambapo hema halishambuliwi na upepo bali na maji. Paa lililolegea hutengeneza bwawa. Bwawa la mita 2 kwa 2 lenye kina cha sentimita 10 lina kilo 400, juu ya vichwa vya watu. Kamba zikazwe mapema ili paa liwe na mteremko mkali. Maji yakianza kukusanyika, yasukumwe yakiwa kidogo, kwa fimbo ya ufagio iliyofungwa kitambaa nchani. Bwawa likishakuwa kubwa, toeni watu kwanza, halafu mlegeze pembe ya karibu maji yamwagike nje.

Vibanda vya barabarani

Mama mboga wa Mutindwa au mwenye mitumba wa Gikomba hawezi kuwa na kamati. Yuko peke yake, na turubai lake ni dogo. Udogo huo ni bahati yake. Funga upande mmoja tu, ule wa upepo, kwa kamba imara chini kabisa. Upande wa pili tumia mpira wa tyubu, ule ule unaofungia mizigo kwenye mikokoteni. Upepo ukipiga, mpira unanyooka na kurudi, na jicho la turubai halichaniki. Ni kazi ya demani iliyo mkononi mwa baharia. Upepo ukizidi, vuta fundo la mbele, turubai lilale juu ya bidhaa, ulikandamize kwa mawe pembeni.

Mawe hayo yakae chini, kamwe si juu ya paa. Jiwe, tairi au tofali lililowekwa juu ya mabati ya kibanda ili yasiruke huanguka pamoja na mabati. Bati lifungwe kwa misumari ya kofia kwenye mbao, na mbao zifungwe kwa waya kwenye nguzo zilizochimbiwa.

Kwa wenye bodaboda, ule mwavuli mkubwa unaofunika dereva na abiria ni tanga linalotembea. Ukienda kilomita 60 kwa saa dhidi ya upepo wa 30, mwavuli unapigwa kama upepo wa 90. Kuukunja ni lazima kwenye madaraja ya Outer Ring, na kwenye Eastern Bypass palipo wazi kuelekea Utawala na Ruai, hasa unapolipita lori: ubavu wake unakukinga, kisha ghafla unakuachia upepo wote. Abiria atalowa. Mwambie, "Mama, vumilia kidogo, upepo ni mkali," naye ataelewa.

Na wazazi, tazameni yale makasri ya mpira yanayojazwa hewa, yanayotandazwa viwanjani wikendi watoto waruke. Ni makubwa, ni mepesi, na aghalabu yamefungwa kwa vigingi viwili. Viwango vya Ulaya vinataka yasitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Desemba 2021, huko Devonport, Australia, upepo uliliinua kasri moja kwenye sherehe ya shule na watoto sita wakafa. Miti midogo ikiyumba, mtoe mtoto wako hata kama muda uliolipia haujaisha.

Dharuba ikishapita

Hesabuni watu kabla ya viti. Aliyeumia kichwa au mgongo asibebwe mzobemzobe. Pigeni 999 au 112. Waya wa umeme ukiwa chini, msiusogelee wala kugusa maji yaliyouzunguka. Namba ya Kenya Power ni 97771. Hema lisisimamishwe tena siku hiyo juu ya udongo ule ule uliolowa, hata jua likitoka. Kitambaa kisikunjwe kikiwa kimelowa kikatupwa stoo, kwa maana kitaota ukungu na mishono itaoza kabla ya msimu ujao. Kianikwe kwanza, kamba zikaguliwe, vigingi vilivyopinda vinyooshwe.

Mitaa hii haitaacha kusimamisha mahema. Nyumba zetu ni ndogo, kumbi ni chache, na watu wetu ni wengi. Tutaoa, tutazika na kuchanga pesa chini ya turubai miaka yote. Basi mwenyekiti, safari nyingine kabla hujatoa amana, muulize mwenye hema swali moja: "Hili mtalishusha kwa dakika ngapi, na nani na nani?" Akikujibu kwa majina na dakika, lipa. Akicheka, tafuta mwingine.